Ufa wa Nyumba ya Kakuma

Nakumbuka, mwanangu, mchana ule mama mmoja muuza makaa alipokataa kuingia nyumbani kwetu Kakuma. Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka Songea, msichana mwenye cheti cha ualimu, kuja kufundisha watoto wa wakimbizi katika kambi ya pale, kaskazini mwa Kenya. Katika nyumba ya walimu nilikaa na Regina, mwalimu wa kutoka Soroti, Uganda, ambaye Kiteso chake kilikaribiana na Kiturkana hata akawa anatania watu sokoni kama mwenyeji.

Mvua kule ni adimu, lakini ikija huja na hasira. Mwaka ule maji ya laga, ule mto mkavu, yalipita nyuma ya nyumba yakala msingi, na ukuta wa chumba cha Regina ukapasuka kutoka chini mpaka kwenye paa. Tulikwenda kwa msimamizi wa nyumba. Akatujibu kwa Kiingereza, kwa upole kabisa, kwamba fundi yuko njiani kutoka Lodwar. Tukarudi tena na tena. Fundi akawa njiani siku zote. Mwishowe Regina alibandika kalenda juu ya ufa, tukacheka. Mficha maradhi, mwanangu, kifo humuumbua.

Nakiru, ndilo jina la yule mama, alitua gunia lake mlangoni akautazama ukuta kwa nje.

"Hii nyumba iko mgonjwa," akasema. "Nyinyi nalala hapa namna gani?"

Nikamwambia sisi ni wageni, tukilalamika sana tutaambiwa turudi kwetu.

"Mgeni hapana mti," akanijibu, wala hakutabasamu. "Mti ndio nangoja shoka. Mgeni iko na miguu."

Maneno hayo yalinichoma. Wiki ile ile nikapata chumba kwa mfanyabiashara Msudani karibu na soko, chumba kidogo cha udongo, lakini kuta zake zilisimama imara. Nilimsihi Regina tuhame wote. Alisema nyumba ya kazi ni haki yake, na kwamba mwezi ukiisha fundi hajaja, ndipo atanifuata. Hakuwa mpumbavu. Haki ilikuwa yake kweli.

Jumamosi moja alasiri ulivuma upepo wa vumbi, naye alikuwa amejilaza, kichwa kinamuuma. Ukuta ukamwangukia. Nilipofika, majirani walikuwa wakifukua matofali kwa mikono, Nakiru miongoni mwao, kucha zinamtoka damu. Tulimpakia Regina kwenye pikapu kumkimbiza hospitali ya Lodwar, kichwa chake mapajani pangu. Njiani aliniuliza kama nimefunga mlango wa nyumba. Nikamwambia nimefunga. Lodwar tulifika na maiti.

Nilimsindikiza hadi Soroti. Mama yake hakulia mbele yangu. Aliniuliza jambo moja tu, kwa Kiswahili cha kubahatisha: "Huo ufa, mliuona?"

Nikasema tuliuona. Akageuza uso akatazama barabara.

Niliporudi Kakuma, fundi alikuwa amekwisha kuja. Ukuta umejengwa upya, umepakwa rangi, na mwalimu mwingine anaanika nguo zake pale. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakutuambia nani atalala chini yake kwanza.

Basi nisikilize, wewe unayefunga sanduku kwenda kufanya kazi ugenini. Nyumba utakayopewa, ikague kabla hujatandika kitanda. Ukiona kasoro, sema. Usiposikilizwa, sema mbele ya watu. Dogo unaloweza kuliziba, lizibe kwa mkono wako. Kubwa lisilozibika, toka kwanza, hata kama utalala mahali pa kukudhalilisha kidogo, kisha udai ukiwa nje. Haki haina haraka ya kufa. Ni sisi tunaokufa nayo mkononi.

Mungu akutangulie huko uendako, akupe wenyeji wenye masikio, akulaze na kukuamsha salama, akurudishe kwenu ukiwa mzima. Amina, mwanangu.