Breki za Ami Haji

Nakumbuka siku moja, mwanangu, niliwapakia wadogo zangu wote garini kwenda Bwejuu kwa shangazi, kwenye hitma ya wazee wetu. Tangu tunatoka Mpendae mguu wangu wa kulia haukutulia. Mimi ndiye mkubwa wao. Skuli niliiacha mapema ili wao wale na wasome, na gari ile kuukuu ya kusambazia mikate ya boflo ndiyo iliyotulisha.

Ila yake ilikuwa breki. Leo zinashika, kesho pedali inazama kama umekanyaga tope. Fundi wetu alikuwa Ami Haji, rafiki wa baba, aliyeingia kaburini kumpokea baba kwa mikono yake. Alibadilisha pedi, akatoa hewa, akatia mipira mipya. Kila mara akinambia, "Chukua, sasa imetulia." Nami kila mara nikaendesha roho mkononi, nikiogopa hata mtu anayevuka kwenda dukani.

Jirani alinishauri nijaribu fundi mwengine. Nikaona muhali, ile haya ya kumvunja mtu moyo. Kwetu hapa, mtu aliyemzika baba yako humwambii kazi yako haikufaa. Unamwambia ahsante, unakwenda zako na hofu yako.

Basi asubuhi ile Zuhura, anayenifuata, alisimama nje ya gari, hapandi.

"Kaka, breki zishapona?"

"Ami Haji kazitengeneza jana."

"Mie sikukuuliza nani kazitengeneza. Nnakuuliza zishapona?"

"Panda bwana we, tutachelewa kisomo."

Akapanda, kanuna, akampakata Khamis, kitinda mimba wetu. Salma, mdogo wake Zuhura, akakaa pembeni yao.

Tulipofika msitu wa Jozani, kima walikuwa wanavuka barabara, na gari ya wageni imesimama mbele yetu, watu wametoka kupiga picha. Nikakanyaga. Pedali ikaenda mpaka chini. Nikakanyaga tena, patupu. Nikashusha gea, nikavuta breki ya mkono, nikakata kushoto vichakani. Matawi yakakwaruza, kioo kikapasuka, tukasimama.

Sikuthubutu kugeuka. Nyuma nilisikia Zuhura analia, na Salma analia. Wa tatu sikumsikia. Mwanangu, kimya kile mpaka leo hunijia nikiwa nakula.

Kisha Khamis akasema, "Kaka, umewakimbiza kima wote."

Tulirudi mjini kwa gari ya watu. Jioni nikenda kwa Ami Haji. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikamweleza. Alikaa juu ya tairi, hakuniangalia.

"Wote mlikuwamo?"

"Wote, Ami."

"Gari ile ilinishinda zamani," akasema. "Nilikuona wewe ni yatima, umenitegemea, nikaona muhali kukwambia. Nikawa nafungua na kufunga tu, nikiomba Mungu."

Basi yeye kanionea muhali, nami nimemwonea muhali, na baina yetu tukawapakia watoto. Siku ya pili alinichukua mwenyewe kwa fundi mwengine. Ilikuwa silinda kuu, ile inayosukuma mafuta ya breki, inavujia ndani, haionekani kwa nje. Na urafiki wetu haukupungua hata chembe. Alinioza mke, yule.

Mwanangu, muhali uweke kwenye sahani ya wali aliyokukaribisha mtu na huna njaa. Usiuweke kwenye breki. Fundi akishindwa, hata awe ami yako, msalimie, mshukuru, kisha mwambie bado mbovu. Na wewe kazi ikikushinda, sema imenishinda. Gari usiyoiamini iache mlangoni, hitma itasomwa bila yako. Na mdogo wako akikuuliza zishapona, mjibu hilo alilouliza.

Mungu akupe ulimi laini usioogopa kusema kweli, na kila utakaowapakia uwashushe wazima, wote, mbele ya mlango wao. Amin.