Hawe Kahonzi na Mabinti wa Chumvini

Alizaliwa mwaka 1921 huko Ganze, akaitwa Kahonzi. Alipobatizwa ukubwani alipewa jina la Hannah, ingawa watu wa Gongoni walimwita Hawe, yaani bibi, kama Wagiriama wamwitavyo mama wa mzazi. Alifika Gongoni akiwa mjane, akabeba chumvi miaka saba, na mgeni alikuwa mgeni: bombani alisimama nyuma ya wenyeji wote, na zamu yake ilipofika maji yalikuwa yamekwisha. Hakusahau. Wala hakununa, maana Mungu alimjalia kicheko kilichosikika hadi ng'ambo ya mashamba ya chumvi.

Wito ulimjia mwaka 1983, alipomkuta Jedida, binti wa miaka kumi na tisa aliyetoka Siaya kutafuta kazi, akilia nje ya ofisi ya naibu wa chifu. Alikuwa amenyimwa fomu ya kitambulisho kwa kuwa hakuna mzee wa pale aliyemjua. Hawe akamshika mkono, akaingia naye. "Mimi namjua," akasema. Tangu siku hiyo aliwatilia dole gumba fomuni, kama shahidi wao, mabinti wageni arobaini na watatu, Waluo, Wakamba na hata wa kwao Ganze, kila mmoja baada ya kula naye na kumjua kweli. Naibu alipochoka alimwuliza, "Hawe, wote hawa umewazaa lini?"

"Wewe andika, bwana. Uchungu nishauona mimi."

Ofisi nzima ikacheka, na fomu zikaandikwa.

Jaribu kubwa lilikuja mwaka 1988, kamati ya bomba ilipochaguliwa kwa mlolongo: wagombea wasimame uwanjani, na wanaomtaka kila mmoja wajipange nyuma yake, wahesabiwe. Jedida alishindana na Mzee Kitsao, mwenyeji, ambaye alimwendea Hawe nyumbani. "Mwenzangu, simama kwangu tu. Wale watoto watakufuata wewe." Alisema kweli, na hilo ndilo lililomtesa Hawe. Mabinti walikuwa wamekwisha kuambiana: asimamapo Hawe, ndipo nasi. Akisimama kwa Jedida, Jedida atashinda. Lakini nani atakuwa amechagua? Alifunga siku tatu, akaomba.

Siku yenyewe alikuja na kigoda, akakiweka pembeni, akaketi, akaipa milolongo mgongo. Mabinti wakamzunguka. "Hawe, tuonyeshe."

"Mlitaka mtu wa kuwajua, mkampata. Sasa jijueni wenyewe."

Akafumba macho. Wakasitasita, kisha wakaondoka mmoja mmoja, wachache kwa Kitsao, wengi kwa Jedida, na wenyeji kadhaa wakaenda nao. Jedida alishinda kwa watu wawili, vigelegele vikapaa. Hesabu ilifungwa Hawe angali ameketi, na kura yake ikapotea. Tangu hapo, bombani huchota kwanza aliyetangulia kufika.

Wapo wasimuliao kwamba wingu dogo lilimkinga jua yeye peke yake. Mwandishi wenu alikuwepo, jua likamchoma kisawasawa, na wingu hakuliona. Muujiza aliouona ni ule mgongo ambao haukugeuka.

Alilala katika Bwana Novemba 1989. Jedida, aliyemuuguza, alimwuliza, "Hawe, siku ile ungesimama kwa nani?"

Mgonjwa akacheka hadi akakohoa. "Bado wataka kunifuata?"

Akaondoka na siri yake. Nasi wazazi, walimu na wachungaji, tunaopenda mno kufuatwa, tumwombe Mungu atupe kigoda kama kile, na nguvu ya kukikalia.