Siku Niliyopaka Samli Piano ya Kanisa

Jamani, kisa hiki husimuliwa na wengine mimi nikiwa nimekaa hapo hapo nachekacheka kwa aibu, kwa hiyo leo bora mkisikie kwa mwenyewe: mimi ndiye niliyepaka samli piano ya kanisa letu hapa Mpanda, siku moja kabla ya harusi ya mdogo wangu.

Piano yenyewe si kinanda cha umeme, ni lile dude la miguu mitatu lenye mfuniko mkubwa kama mlango, aliloliacha mmisionari mmoja alipostaafu, na mimi mwalimu wa kwaya ndiye pekee ninayelipiga. Kabula, mdogo wangu, aliniomba kitu kimoja tu, aingie kanisani kwa piano ile, si kwa muziki wa spika (baba yetu alishafariki, kwa hiyo siku ile mimi ndiye nilikuwa baba), nikamwambia hilo aniachie mimi.

Tatizo, vibao vyake vilikuwa vizito, ukibonyeza ni kama unamsukuma ng'ombe aliyegoma, na wimbo aliouchagua ulitaka vidole vyepesi. Mwenye akili angemwita fundi kutoka Dar es Salaam. Mimi Ijumaa mchana nikachukua bisibisi, nikafungua, nikauvuta nje mtambo wote wa ndani kama droo, nikakuta nyundo ndogo themanini na kitu, na kila nyundo ina kijiviringo cha ngozi pale inaposukumwa kutoka chini. Hapo Usukuma wangu ukaamka. Baba alikuwa mpiga ngoma kule Kasansa, na ngozi ya ngoma ikikauka tulikuwa tunaipaka samli, tunaianika juani, inalainika. Nikasema moyoni, ngozi ni ngozi. Nikachota kikombe kizima cha samli ambayo mayu (ndivyo tunavyomwita mama) alikuja nayo kwa ajili ya harusi, nikapaka kwa mswaki kijiviringo kimoja kimoja, na kwa kuwa ilibaki nikapaka na maungio ya nyundo, na vitambaa vya manyoya, na kila kilichoonekana kikavu, kwa sababu mimi nikianza ukarimu sijui kuacha.

Mchana ule, na joto la bati, vibao viliteleza ajabu. Nikampigia Kabula simu asikilize, akalia kwa furaha, na mimi nikawatangazia wanakwaya kwamba sasa wana fundi.

Nilichosahau ni kwamba ilikuwa Julai na ndoa ilikuwa saa tatu asubuhi, na asubuhi za Julai hapa kwetu samli inaganda mpaka uichimbe kwa kijiko.

Kanisa limejaa, wakwe kutoka Magamba wamekaa mbele na suti zao, Kabula yuko mlangoni kashikwa mkono na mjomba, nikaanza. Kibao cha kwanza kikazama, hakikurudi. Cha pili vilevile. Kabula anafika benchi la tatu, mimi mkono wa kushoto unapiga na wa kulia unang'oa vibao kwa kucha, na yeye, ambaye tulimfundisha kutembea kwa kufuata muziki, kila sauti ikikosekana anabaki mguu mmoja hewani. Mwishowe piano ikanyamaza kabisa na bibi harusi akasimama katikati ya kanisa.

Mayu, benchi la mbele, akanusa.

"Masanja, umepaka samli?"

"Ndiyo, mayu."

"Ile ya pilau?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akaguna, akasema, "Basi ipashe moto."

Na mimi, badala ya kufa tu pale pale, nikatii. Akina mama waliokuwa wanapika nje wakaleta jiko la mkaa, nikauvuta mtambo nikauweka juu ya mabenchi mawili mbele ya wakwe, jiko chini yake. Samli iliyeyuka, hilo siwezi kukataa, ila ikadondokea makaa, moto ukapanda, kanisa likanukia kama jikoni, na shemasi akamwagia ndoo nzima ya maji. Piano ikafa.

Nikamtazama Kabula. Wanja ulikuwa unamtiririka mashavuni, na niliona aibu kuliko siku yoyote maishani mwangu, kwa sababu aliomba kitu kimoja tu. Sikuwa na kitu kingine, nikafunga mfuniko wa lile dude na kuanza kuupiga kwa viganja, mdundo wa baba. Mayu akasimama akaitikia, akina mama wakafuata, na Kabula akasogea madhabahuni akicheza huku bado analia.

Fundi alikuja baadaye kutoka Dar, akafungua, akauliza nani alikuwa anapika humu ndani. Piano ilipona, ila vibao bado ni vizito, na ninavipiga hivyo hivyo vilivyo, bisibisi niligawa. Juzi Kabula kanipigia, mtoto wake anabatizwa mwezi ujao. Nikamuuliza kama nipige piano.

"Kaka," akasema, "piga mfuniko."