Walinichagua nimfunde bibi harusi kwa sababu navumilia kipigo

Wakuu, salaam. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sijasimuliwa. Asiyeamini apite kimya kimya.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa Virginia. Mchana naogesha wazee nursing home, jioni nasoma college Annandale. Kuna class ya mashairi ya kale ya Kiingereza nikalazimika kuichukua, eti requirement.

Mashairi yenyewe sasa! Mwanamke mwema anasingiziwa, anapigwa, ananyang'anywa watoto, yeye anasali tu. Kadiri anavyoumia ndivyo mshairi anavyozidi kumsifia.

Profesa wetu, mama wa Kizungu, akatuuliza: "Huyu asingepigwa, nani angemtungia shairi?"

Wenzangu wanaandika. Mimi nimeshika shavu, mume wangu alikuwa amenipiga juzi yake.

Na kanisani kwetu walijua. Wabongo wa huku hatuna siri.

Basi ikaja kitchen party ya binti mmoja, Herndon. Tumwite Rehema. Kamati ikanichagua mimi nimfunde. Mama mchungaji akanitambulisha kwamba mimi ni mfano, mume ananipiga lakini hakuna jirani aliyewahi kusikia sauti yangu.

Wakapiga vigelegele. Vigelegele, wakuu!

Nikashika mic, nikamwambia Rehema: "Mdogo wangu, akikunyanyulia mkono mara ya kwanza, toka. Usingoje kusifiwa."

Mama mchungaji akaninyang'anya mic, akasema shule imeniharibu. Muziki ukaongezwa sauti, watu wakaenda kula pilau.

Mume wangu alipata habari kabla sijafika nyumbani. Nikakuta nguo zangu parking lot. Sikuzirudisha ndani. Nikazipakia kwenye gari nikaenda Arlington kwa mama mmoja Mkongo niliyekuwa nafanya naye kazi. Ndoa ikaishia hapo, na kanisani hakuna aliyenipigia simu hata kuuliza nimelala wapi.

Rehema akaolewa.

Mwaka uliofuata nikaalikwa kitchen party ya mfanyakazi mwenzangu. Mfundaji akakaribishwa: Rehema. Amevaa miwani ya jua, ndani ya nyumba. Akafundisha uvumilivu kwa sauti tamu kabisa, akapigiwa vigelegele, akanipita kama hanijui. Nilienda kulia chooni.

Nilichojifunza: wanaokusifia kwa kuvumilia kipigo hawana mpango wa kukusaidia.

Mnaotaka kuniuliza nilimkosea nini mume wangu, ulizeni, nimezoea. Lakini wadada, nyie mlipofundwa mliambiwa nini?