Mateka wa Bibata Zerbo

Kuna kazi ambazo mtu hupewa, halafu ukikaa ukafikiri unaona kabisa kwamba aliyempa kakosea mtu. Kazi ya Bibata Zerbo ilikuwa ya namna hiyo. Alikuwa mtu wa kabila la Wasamo aliyeolewa mjini Wahiguya, katikati ya Wamosi, na hospitali ikampa kazi ya kuzunguka vijijini kuwakumbusha watu wasio na bandama namna ya kujikinga na maradhi. Watu hao walikuwa Wamosi watupu, na Msamo na Mmosi ni watani. Sasa niambie wewe, mtani wako akija mlangoni akakwambia, "Ukishikwa na homa asubuhi, jioni tunakuzika," utafanya nini? Utacheka. Utampa maji ya unga ya kumkaribisha mgeni anywe, kisha utamwambia atangulie yeye.

Bandama yenyewe ukiiona huwezi kuipa heshima. Kwa muuza nyama ni kile kipande laini, chekundu cha kuelekea weusi, ambacho watoto huachiwa wakachome kwenye makaa. Bibata alikuwa amekula bandama za mbuzi tangu utotoni bila kujiuliza zina kazi gani. Siku Daktari Zongo alipowaeleza wahudumu kwamba damu ya mtu hupita humo ikichujwa, na vijidudu hukamatwa humo kama wezi mlangoni, Bibata alisikiliza tu. Lakini daktari aliendelea. Alisema kiungo hicho kikitolewa, mtu anakula, anacheka, anazaa, nguvu zake zote anazo, ila homa moja tu inaweza kumwondoa kabla jua halijazama. Mchana ule Bibata alishindwa kula. Alijishika ubavu wa kushoto akasimama hivyo, akistaajabu. Umri wake wote alikuwa amelindwa na kitu ambacho hakuwahi hata kukisalimia.

Tinga Sawadogo alikuwa mchimba visima, mtu wa mabega mapana, kifungua mimba wa baba yake. Alipata ajali, usukani wa pikipiki ukampiga ubavuni, bandama ikapasuka, wakaitoa. Haukupita muda akawa tena chini ya ardhi anavunja mwamba. Bibata alipomtembelea mara ya kwanza alimkuta anakula sima na mchuzi wa bamia, akapokewa kwa matusi kama inavyostahili.

"Poko, funga mbwa," Tinga alimwambia mkewe. "Walaji wake wamefika."

"Mbwa wako kakonda, simtaki," Bibata akajibu. "Nimekuja kumwona mtumwa wangu. Sasa sikiliza, Tinga. Chanjo zako ukiitiwa usikose. Lala ndani ya chandarua. Na mwili ukipata joto, hata kidogo, meza vidonge hivi hapo hapo, uje hospitali saa ile ile. Si kesho. Hata ukiumwa na mbwa, hata akikuparura tu, njoo."

"Nikiumwa na mbwa nije na mbwa mzima, au kichwa chake kinakutosha?"

Poko alicheka hadi akaweka kibuyu chini. Bibata naye akacheka, angefanyaje? Kisha akakaza uso. "Tinga, safari hii sitanii."

"Hapo sasa ndipo unaponimaliza kabisa," Tinga alisema huku akijifuta machozi ya kicheko.

Ndivyo ilivyokuwa kila nyumba. Akitania wanacheka, akiacha kutania wanacheka zaidi, kwa sababu Msamo mwenye uso wa msiba mbele ya Mmosi ni kichekesho kisichopata kuonekana. Alimwomba daktari atafute Mmosi wa kumsaidia. Daktari akamwambia, "Mama Bibata, wahudumu ndio nyinyi. Mwingine nimtoe wapi?"

Kabla ya Tinga alikuwapo Noaga, fundi baiskeli, naye hana bandama. Alicheka vile vile. Homa ilimjia siku ya soko, akasema amalize kwanza kazi za watu, na kesho yake akazikwa. Bibata alifika kaburi liko wazi, na wafiwa walikuwa wanamsubiri, maana maziko bila mtani yamepwaya. Basi akafanya wajibu wake. Alijilaza kwenye mdomo wa kaburi akagoma kuondoka mpaka apewe kuku, akasema Mmosi huyu alikuwa mvivu, hata kuugua kaugua siku moja tu. Watu walicheka, wakapata nafuu. Yeye alichukua kuku wake, akapanda pikipiki, akafika katikati ya mashamba ya mtama pasipo na mtu, akasimama akalia kwa sauti. Alimlilia Noaga, na aliulilia ulimi wake mwenyewe ambao ukweli ulikuwa umekataa kukaa juu yake.

Mwaka mmoja baada ya Bibata kumtembelea Tinga mara ya kwanza, upepo mkavu wa vumbi ulipokuwa umeshika nchi, ukaja wakati wa matanga makubwa ya marehemu baba yake Tinga. Mtu anaweza kuzikwa leo, lakini hajasindikizwa mpaka matanga hayo yafanywe, na hayafanywi bila mtoto wake wa kwanza wa kiume. Ndugu walikuja hadi kutoka Abijani, ng'ambo ya mpaka. Pombe ya mtama ilikuwa imechemka vyungu kwa vyungu. Bibata alikwenda na Wasamo wawili wanaume, wote wamevaa matambara, wakaanza vurugu zao: kunyang'anya vyungu, kuiga mwendo wa marehemu, kuwaambia wajane wachague mume kati yao haraka kabla bei haijashuka.

Tinga alikuwa ameketi kati ya wazee, mchana wa jua kali, kajifunika blanketi. Bibata alimwendea akicheza, akampiga kofi la utani kichwani, na mkono wake ukabaki pale. Kichwa kilikuwa cha moto kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi. Macho ya Tinga yalimtazama kwa mbali.

Alimvuta Poko pembeni. "Tangu lini?"

"Tangu alfajiri. Katapika mara moja. Anasema ni uchovu wa wageni."

"Vidonge vyake viko wapi?"

"Alimpa jirani. Jino lilikuwa linamsumbua."

Bibata alirudi akapiga magoti mbele ya Tinga. "Twende hospitali. Sasa hivi."

"Baba hajasindikizwa," Tinga alisema, meno yakigongana. "Kesho."

Baba yake mdogo, ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo, alitikisa kidevu. "Msamo, leo umeanza mapema. Hata pombe hujaonja."

"Mzee, sitanii. Huyu mtoto wenu anakufa."

Ua zima lilicheka. Bibi mmoja alipiga makofi kwa furaha, akaagiza Bibata aongezewe kibuyu. Bibata alimwona Tinga, na nyuma ya Tinga aliliona kaburi la Noaga, na yeye mwenyewe amelala mdomoni mwake akidai kuku. Moyo ulimwambia kwamba watu hawa hawatamwamini hata akilia damu. Lakini jambo moja lipo. Mtani haaminiki, ila hakataliwi.

Alikwenda kwenye kigingi akafungua kamba ya mbuzi. Alirudi akaishika mikono ya Tinga, akaifunga, akapanda juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Wamosi," alisema kwa sauti kubwa, "marehemu alikuwa mtumwa wa babu yangu, akafa hajajikomboa. Namchukua mwanawe. Na matanga haya hayasogei hata hatua moja mpaka mateka wangu akombolewe."

Ngoma zilikoma. Baba mdogo alitoa kuku, Bibata akakataa. Akatoa mbuzi, akakataa tena. "Mtamkombolea Wahiguya," alisema. Watu walitazamana. Jambo lilikuwa zito, lakini nani angemkasirikia mtani, na nani angethubutu kufungua fundo alilofunga yeye? Wazee wale wenye ndevu na fimbo, walioshindwa kusikia maneno ya mwaka mzima, waliinuka mmoja mmoja wakampisha. Tinga mwenyewe alisimama, kwa sababu sheria ilikuwa juu yake pia, na magoti yakamsaliti. Wasamo wawili wakamdaka.

Walimfunga mgongoni kwa Bibata juu ya pikipiki, kwa kamba ile ile, ili asidondoke. Watoto walikimbia nyuma yao wakiimba kwamba Mmosi kauzwa. Njiani Tinga alikuwa anatetemeka, halafu akaacha, na kuacha kule kulimtisha Bibata kuliko kutetemeka. Kichwa kilimwangukia shingoni. Alianza kuongea na baba yake, kwa upole, kama mtu anayekaribishwa ndani. Bibata alikata upepo wa vumbi macho yamejaa mchanga, akimtukana njia nzima: mtumwa, mvivu, mla panya, usife mgongoni mwangu.

Mlangoni pa hospitali Tinga hakuweza kusimama. Daktari Zongo alitazama ncha za vidole, zilikuwa zimeanza kugeuka rangi. "Bandama anayo?"

"Hana."

Daktari alikimbia. Bibata hakuwahi kumwona akikimbia, mtu yule mnene, mpole, mwenye kuvaa kandambili. Alibaki pale ukumbini na kamba mkononi, na woga ukamshika, woga kama wa mtu aliyeingia mahali patakatifu bila kuvua viatu. Asubuhi ile ile Tinga alikuwa anapokea wageni wa baba yake.

Kule kijijini matanga yalisimama. Hakuna aliyethubutu kuyaendeleza. Pombe ilichacha, ikamwagwa, ikapikwa nyingine. Wa Abijani wakatuma salamu makazini kwamba wamekwama, mtani kamchukua mfiwa. Siku ya tatu baba mdogo alifika hospitali na jogoo kwapani, akicheka tangu getini. Akamkuta mtoto wa kaka yake na mipira mwilini, hajitambui, vidole viwili vya mguu vimekuwa vyeusi kabisa. Alivua kofia. Jogoo alimponyoka akakimbilia chini ya vitanda, na mzee hakumtazama.

"Kumbe ulikuwa unasema kweli," alisema.

"Nimesema kweli mwaka mzima, mzee wangu," Bibata akajibu, kwa hasira aliyokuwa ameimeza tangu kwa Noaga. Mzee aliinamisha kichwa akaipokea.

Tinga alipona. Alirudi amekonda, na fimbo, na mguu pungufu vidole viwili, na matanga yakaendelea pale yalipoishia. Ua lilijaa kuliko mwanzo, maana habari zilikuwa zimetembea. Baba mdogo akamwita Bibata ataje fidia.

"Simwachii," Bibata alisema. "Huyu ni mateka wangu wa maisha. Siku yoyote mwili wake ukipata joto, iwe harusi, iwe msiba, iwe yuko ndani ya kisima, aliye karibu naye amfunge aniletee. Asisubiri kesho."

Tinga alisema, "Na mimi mwenyewe sina neno?"

"Mtumwa hana neno."

Watu walicheka kidogo. Wazee walinong'ona. Baba mdogo alimimina maji chini, na yakishamiminwa maji utani unakuwa sheria, akasema, "Tumesikia. Amekuwa wako."

Ndipo mwanamke mmoja akapenya kutoka nyuma, Lamusa, mtengeneza sabuni wa jirani na kwa Tinga, amembeba binti yake mwenye selimundu, ule ugonjwa wa damu unaoua bandama. Bibata alimjua vizuri. Alikwenda kwake mara nyingi, na Lamusa alicheka kuliko wote. Safari hii hakucheka. Alipiga magoti, akamsimamisha mtoto, akaikutanisha mikono yake midogo na kuinyoosha mbele.

"Huyu naye bandama yake imemfia tumboni," alisema. "Uliniambia. Mfunge na huyu, mama."

Bibata hakuwa na kamba. Alifungua kilemba chake kichwani, na ile mikono iliyozoea kunyang'anya vyungu na kuku ilifunga fundo likakataa kukaa, ikabidi Lamusa amsaidie kulikaza.