Senene kwenye Vioo vya Rangi

Mwezi uliopita nilikwenda Muleba kwenye mahafali ya mpwa wangu. Ibada ilikuwa katika kanisa dogo la chuo kikuu, ambacho enzi zetu kilikuwa chuo cha wachungaji tu. Kwaya iliimba kwa kinanda cha umeme. Nikainua macho kwenye dirisha la mashariki, na katikati ya vile vioo vya rangi nikaona kipande kimoja kisicho na rangi yoyote. Mahubiri yote yaliyofuata sikuyasikia.

Nikueleze wewe, maana jambo hili nimekaa nalo miaka mingi.

Bibi yangu alikuwa mpishi wa chuo. Jikoni kwake kulinukia ebitoke, ndizi za kupika zilizofunikwa majani ya mgomba, na kazi yangu ilikuwa kuchambua maharage. Jirani yetu, mtu mpole mwenye mabega mapana, alifagia kanisa na kuvuta mivukuto ya kinanda cha mabomba. Mwalimu wa muziki alibonyeza tu, pumzi ilikuwa ya jirani. Siku za mazoezi aliniacha nikae karibu naye. Kinanda kikianza, benchi lilitetemeka chini yangu, na jua la asubuhi lilinimwagia wekundu na buluu magotini.

Mwaka niliotimiza miaka tisa, senene, wale panzi wa kuliwa, walikuja wengi ajabu. Taa za kanisa zilikuwa zimeachwa zikiwaka, na kulipokucha walikuwa wamejaa ukutani na kwenye vioo. Jirani alikuwa amekwenda kuteka maji. Mlango ulikuwa wazi, na ufagio wake wa kuondolea utando, wenye mpini mrefu, umeegemezwa pale pale. Senene wanono walikuwa juu, kwenye joho la buluu la Mtume Petro aliyechorwa katika dirisha la mashariki. Nikapanda benchi, nikawapiga kwa mpini. Kioo kilipasuka, kigae kikanichana kiganja. Nikakimbia na kopo langu la senene.

Mchana, mkuu wa chuo alituita watoto wote, akauliza nani amevunja kioo. Nilinyamaza, mkono nimeuviringisha kwenye kanga ya bibi. Jirani alikuwa amesimama mlangoni. Aliiona damu kwenye ile kanga, kisha akanitazama usoni. Akasema taratibu kwamba ufagio ni wake, na kanisa lilikuwa mikononi mwake. Jioni bibi alikaanga senene. Nilikula. Kabla ya wiki kwisha jirani aliachishwa kazi, akarudi kwao Izimbya na mkewe.

Baada ya mahafali nilimtafuta huko. Nilimkuta mjane wake akianika kahawa. Alinikaribisha, akaniletea chakula, nami nikamwambia yote kabla sijanawa mikono.

“Mume wangu alijua ni wewe,” alisema. “Alikuwa akiniambia, yule mtoto akikua atakuja mwenyewe. Akiona mgeni barabarani, anaacha kupalilia, anatazama.”

Nikamwuliza kama mumewe alikuwa na hasira nami.

“Hapana, waitu, mwanangu. Alitaka tu akusikie ukisema.”

Alifariki mwaka juzi. Kinanda cha mabomba kiling'olewa zamani, bibi yangu hayupo, mwalimu wa muziki hayupo. Ningependa kukwambia kwamba nilikuwa mbali, nchi za watu, sikuwa na njia. Lakini miaka yote hiyo nimeishi Bukoba mjini, Miembeni, na kutoka nyumbani kwangu hadi Izimbya ni safari ya asubuhi moja.