Mtoto wa Plasta

Wiki ambayo dada yangu alijifungua, mimi nilikuwa nikimtunza mtoto mwingine, aliyelala chini ya udongo mweusi mbele ya Isinya tangu enzi ambazo hakuna aliyezijua.

Nilikuwa mwanafunzi wa chuo, nikifanya ateshmenti, yaani mafunzo ya kazini, kwenye uchimbaji wa mambo ya kale. Kazi yangu haikuwa kuchimba. Nilikuwa najifunza kuhifadhi kilichofukuliwa kisije kikavunjika mikononi mwetu. Mwalimu wetu, mama mpole tuliyemwita Madam, ndiye aliyeiona mifupa ya mtoto yule kwanza. Ilikuwa myembamba kama maganda ya vitunguu. Alituambia haiwezi kuokotwa mmoja mmoja. Tungemzungushia plasta, ile ile wanayofungia mguu hospitalini, tumwinue pamoja na udongo wake.

Kando ya shimo kulikuwa na migunga yenye vinundu vilivyotobolewa na sisimizi. Upepo ulipoingia kwenye matundu hayo, yalipiga mbinja nyembamba, mchana kutwa. Baada ya siku chache hatukuisikia tena, ila iliponyamaza.

Jioni nilirudi kwenye nyumba yetu ya kupanga Kitengela, na dada alinisubiri na swali.

"Umemshika huyo wenu?"

"Nimemshika kidogo tu."

"Basi wangu hutamshika. Maliza na huyo kwanza."

Nilitamani sana kumbeba. Alikuwa mtoto wa kwanza kuzaliwa nyumbani kwetu tangu mimi. Niliosha mikono kwa sabuni ya kipande hadi vidole vikakunjamana, lakini dada hakukubali. Mama, mtu wa kanisa, alimwambia aache mambo ya kishamba. Hata hivyo, nilipoketi kwenye kochi, nilimwona Mama mwenyewe akimhamishia mtoto upande wa pili, mbali nami.

Siku ya kumwinua ilifika. Tulimfunika kwa karatasi ya chooni iliyoloweshwa, kisha bandeji zenye plasta, moja juu ya nyingine, hadi akawa furushi jeupe. Nilimwekea mikono yote miwili asitikisike. Muda mfupi baadaye nikahisi joto chini ya viganja vyangu, likipanda polepole.

"Madam," nilisema, "ako na joto."

Mwenzangu, kijana wa Matasia, alicheka. "Daktari, mgonjwa wako ako na homa! Mpe dawa."

"Ni plasta inaganda," Madam alisema. "Inatoa joto. Tusimguse mpaka apoe."

Nilijua hivyo, nilikuwa nimesoma. Lakini Madam alikuwa amesema "apoe", na hakuna aliyecheka tena. Tulikaa tumemzunguka. Alipopoa, mwenzangu alikata udongo chini yake, nami nikashika upande wa kichwa. Tukamgeuza. Akaja mzima.

Alisafirishwa Nairobi siku hiyo hiyo. Nilimpakata kwenye pikapu ili mashimo ya barabara yasimvunje. Baada ya Isinya nikagundua kiganja changu kinampigapiga mgongoni.

"Unambembeleza?" mwenzangu aliuliza.

Niliacha. Sikuona aibu. Kilichonitisha ni kwamba aliuliza kwa kunong'ona, na Madam pale mbele alikuwa amezima redio.

Waliniteremsha Kitengela. Dada alikuwa mlangoni na beseni la maji.

"Mmemaliza?"

"Tumemaliza."

"Ameenda?"

"Ameenda."

Alinimwagia maji mikononi mwenyewe, akanipangusa kwa leso yake, kisha akaingia na kutoka na mtoto, amefungwa shali nyeupe hadi shingoni. "Haya, Aunty. Shika mtoto wako."

Nilinyoosha mikono. Lakini kabla ya kuona uso wake, macho yangu yalikuwa yameshaanza kumkagua: wapi pana ufa, wapi patabomoka kwanza, nianze kumtegemeza wapi. Alikuwa mzuri sana, na mimi nilikuwa natafuta ufa.

"Shika basi," dada alisema, sasa akicheka. "Hakuumi."

"Ngoja kwanza," nikasema, nikarudisha mikono nyuma.

Dada akamrudisha mtoto kifuani mwake. Hakunipa tena, nami sikuomba. Nilimgusa mpwa wangu kwa mara ya kwanza alipokuwa anajua kutembea. Alinijia mwenyewe na kukwea magotini mwangu. Nilikaa bila kutikisika, nikamwacha yeye anishike.